Buti Inayokubali Msharasi

Anayeupanda Mlima Kasigau kutoka kijiji cha Rukanga huanzia kwenye nyika ya miiba na vumbi jekundu, na kabla ya adhuhuri yumo ndani ya msitu unaodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Kilele kiko mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, kijiji kiko chini yake kwa mita elfu moja hivi. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unavuka nyika nzima, ukigonga milima ya Taita unapanda, unapoa, unageuka ukungu. Ndiyo maana kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, na misitu ya Ngangao na Mbololo hulowa asubuhi huku watu wa Voi wakitafuta kivuli. Kiatu cha huku, basi, kinadaiwa mambo mawili kwa siku moja: kistahimili mwiba, kisha kistahimili maji.

Wakulima wa Wundanyi wana gambuti, na shambani hakuna wa kuwabishia. Ila gambuti haishiki kifundo, na kwenye mteremko mrefu mguu unaelea ndani yake. Wageni wengi huja na buti zenye bitana isiyopitisha maji. Bitana hiyo ina utando uliotokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969, alipoivuta ghafla teflon iliyopashwa moto, ikatanuka na kujaa vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Ni kazi ya akili, siibezi, na anayekwenda kutembea kwenye matope baridi ya Uskochi ningemwambia azinunue. Huku kwetu kuna mwiba wa mgunga. Ukishatoboa utando, fundi hana pa kuupatia ili auzibe. Maji yakiingilia juu, kwenye soksi, yanakaa humo, maana kisichoruhusu maji kuingia hakiyaruhusu kutoka pia. Tena mvuke hutoka vizuri pale nje panapokuwa na baridi kuliko ndani ya kiatu. Saa nane mchana kule nyikani, baridi hiyo utaisikia kwa jina tu.

Mimi nasifu ngozi nene iliyoshonwa, na kuliko ngozi namsifu anayeishona.

Mpelekee buti fundi viatu yeyote mzoefu pale Voi. Hataangalia rangi wala jina la kampuni. Ataipindua, ataikunja pale vidole vinapokunjia, kisha atapitisha ukucha ukingoni mwa soli. Anatafuta ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu: ngozi ya juu imeshonewa kwenye ukanda huo, na soli nayo imeshonewa hapo hapo kwa mshono wake mwingine. Buti ya namna hiyo inavuliwa soli na kuvishwa nyingine bila ngozi ya juu kuguswa, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Iliyobandikwa kwa gundi peke yake anaipokea pia, maana kazi ni kazi, lakini uso wake unakuambia: "Gundi naipaka isiteleze nikishona. Kushika kunataka uzi."

Utazame msharasi wake. Nchani una kindoano. Mkono wa kulia unausukuma kutoka nje. Wa kushoto umezama ndani ya buti, mahali jicho halifiki, unautegea uzi. Msharasi unarudi na kitanzi, ncha ya pili ya uzi inapitishwa katikati yake, pande zote mbili zinavutwa mpaka mshono unazama kwenye ngozi. Nusu ya kazi inafanywa na mkono usioona, na bado mishono inapangana sawasawa. Uzi ni wa nailoni, umepakwa nta, na nta hiyo inabaki tunduni ikizuia maji.

Jicho la fundi huokoa pesa zaidi kwenye mitumba. Buti iliyokaa kabatini Ulaya miaka kumi huonekana mpya kabisa. Lakini soli ya kati ya poliurethani huliwa na unyevu wa hewa hata isipovaliwa, na siku ya kwanza mlimani inamomonyoka kama mkate mkavu. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikitoa nyufa au ikinata, irudishe kwenye rundo, hata ikiwa bei ya bure. Chagua ngozi yenye viungo vichache, na ulimi ulioshonwa pande zote mbili hadi juu.

Soli mpya mara nyingi itakatwa kwenye tairi, kama ya akala. Wapo wanaocheka. Hizo soli za mpira zenye meno zinazovaliwa milimani kote duniani zilibuniwa na Mwitalia Vitale Bramani, baada ya wapandaji sita kufa milimani mwaka 1935, na waliomsaidia kuzitengeneza ni Pirelli, watu wa tairi. Angalia meno tu. Tairi lililokwisha halishiki mwamba uliolowa.

Ngozi nayo inataka matunzo. Ikilowa isianikwe juu ya mabati wala kando ya jiko, itapasuka. Ijaze magazeti, iache kivulini, ikikauka ipake nta ya nyuki. Unapoinunua, ijaribu alasiri, mguu ukiwa umevimba, pamoja na soksi utakazopandia. Sukuma vidole hadi mbele: kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino, la sivyo kushuka Kasigau kutakung'oa kucha. Na buti mpya isianzie Kasigau. Ivae sokoni, ipandishe Sagalla siku mbili tatu, na ikikubana mahali mrudishie fundi aivishe kwenye kalibu aitanue hapo hapo panapouma.