Kichwa cha nguzo: majani ya nani?

Katika sehemu zetu za Dilolo makapela mengi yamekwisha kujengwa kwa matofali na simenti. Tunashukuru. Lakini mbele ya mlango wa mengine tunaona nguzo mbili au nne ambazo hazibebi kitu, na juu yao majani ya simenti yaliyokunjwa, ginsi yanavyoonekana katika picha za Roma. Wakristu wanayasifu. Tukiwauliza ni majani ya mti gani, wananyamaza. Basi tupime neno hili pamoja, ndugu wasomaji, kwani feza iliyolipa majani yale ilitoka mikononi mwa maskini.

Kwanza tujue kazi ya kichwa cha nguzo. Nguzo ni nyembamba, na boriti iliyo juu yake ni nzito. Fundi wa kale aliweka kati yao jiwe pana, lipokee uzito na kuushusha juu ya nguzo. Hapo uzito unapopita, ndipo alipochonga uzuri wake. Vitruvius, fundi Mroma wa karne ya kwanza mbele ya Kristu, anasimulia kwamba Kallimakos aliona kikapu juu ya kaburi la binti mmoja wa Korinto. Mmea wa akanto ulikuwa umeota na kukizunguka. Akachonga alichokiona. Ikiwa ni kweli ao hadisi tu, fundisho ni moja: Mgriki hakwenda kutafuta majani mbali, alichukua yaliyoota kwake.

Mfalme Salomoni vilevile alimwita Hiramu, fundi wa shaba, toka Tiro. Lakini vichwa vya zile nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi, vilipambwa kwa makomamanga, matunda ya inchi ile. Ufundi ulitoka ugenini, matunda yalikuwa ya nyumbani.

Hapa Afrika mfano mkubwa ni Lalibela, katika milima ya Etiopia. Makanisa yake 11 yanahesabiwa kuwa kazi ya mfalme Lalibela, aliyetawala mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13. Huko mafundi hawakuweka jiwe juu ya jiwe. Walichimba mwamba toka juu kwenda chini, wakaacha kanisa limesimama ndani ya shimo. Bete Medhane Alem, Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, ina urefu wa metre 33 hivi, na nguzo zimeizunguka inje pande zote. Katika Bete Maryam vichwa vya nguzo vimechongwa na kupakwa rangi. Tena umbo lao si la Kigriki. Ni umbo la vipande vya mti vilivyopachikwa juu ya nguzo kupokea boriti, ginsi watu wa Aksum walivyojenga zamani kwa mti na mawe.

Mwenye kupinga atasema: hayo nayo ni maigizo, kwa maana katika mwamba mmoja hakuna boriti ya kupokea. Tunakubali nusu ya neno lake. Ukikata kichwa kile, dari haitaanguka. Lakini nguzo yenyewe inabeba mwamba wa juu, na umbo la kichwa chake ni urithi wa baba zao. Nguzo zetu za mlangoni hazina uzito wala urithi.

Na urithi tunao. Wachokwe ni wachongaji wenye sifa katika ulimwengu mzima. Tutazame viti vya wafalme wao. Umbo la kiti lilitoka kwa Wareno, lakini kwenye miti inayofunga miguu ya kiti wamechonga watu wao katika maisha yao: wanawake wanatwanga, wapiga ngoma, wachukuzi wa mizigo. Walipokea kitu cha wageni, wakakijaza maisha yao. Hiyo ndiyo kazi ya Salomoni na Hiramu.

Wako mapadri wanaoogopa kwamba mikono iliyochonga sanamu za mahamba italeta upagani kanisani. Tunaheshimu woga huo. Lakini nguzo za Korinto zilisimama katika hekalu la Zeus kule Atene, na hakuna anayeziogopa mlangoni mwa kapela yake. Mbona tunausamehe upagani wa mbali, na ule wa jirani hatutaki hata kuuongoza kwenye ubatizo?

Basi, anayejenga afanye hivi. Paa lisipohitaji nguzo, asiweke nguzo. Likihitaji, amwite mchongaji mzee wa kijiji, amwonyeshe pahali uzito unapopita, amwachie pahali pale. Akiogopa mchwa, mzee achonge kalibu ya mbao, na simenti imwagwe ndani yake. Na kijana mmoja asimame karibu naye, ajifunze, kwani wenzake wengi wamekwenda Kolwezi kuchimba, na chombo cha mzee hakina mrithi.