Maiki ya Bei Nafuu na Sikio la Fundi

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, yeye na wapigaji wake, ili sauti yake iingie kwenye santuri. Mitambo ilikuwa huko, mafundi walikuwa huko, na kampuni iliyotoa santuri hizo kwa nembo ya His Master's Voice ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu kampuni za santuri zianze kurekodi kwa maiki ya umeme. Kabla ya hapo mwimbaji aliimba kwa nguvu ndani ya pembe kubwa, na mtetemo wa sauti yake ndio uliosukuma sindano. Leo kijana wa Buguruni hununua maiki asubuhi, na usiku wake anarekodi chumbani huku godoro limeegemezwa ukutani. Umbali uliobaki ni ule ulio kati ya mdomo wake na wavu wa maiki, na humo ndimo ulimo ufundi wenyewe.

Ufundi huu haujapewa heshima yake. Watu humsifu mwimbaji, humsifu mtengeneza biti, humsifu hata aliyeongoza video. Ni nadra kutajwa mtu aliyetambua kwamba sauti ile nyembamba ilihitaji maiki ya dainamiki badala ya kondensa, au aliyemwashiria mwimbaji arudi nyuma vidole viwili kabla ya kiitikio.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kinachovuta macho ya mgeni ni seti: maiki nene yenye wavu wa rangi ya dhahabu, mkono wa kubana mezani, sponji, waya na kichujio cha pumzi, vyote ndani ya boksi moja. Umbo limeigwa kutoka maiki za studio kubwa. Nyingi kati ya hizo zikifunguliwa skrubu, ndani hukutwa kapsuli ndogo yenye upana wa sentimita moja au moja na nusu, imekaa peke yake katikati ya nafasi tupu. Mnunuzi anayelalamika kwamba umbo limemdanganya ana haki. Kapsuli yenyewe, hata hivyo, haistahili dharau.

Mwaka 1962, katika maabara za Bell nchini Marekani, James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, na mwenzake Mjerumani Gerhard Sessler walibuni maiki ya elektreti, yenye utando wa plastiki unaohifadhi chaji ya umeme ndani yake kwa miaka. Kondensa za kabla ya hapo zilidai kapsuli ichajiwe kutoka nje, kwa vifaa vizito na vya gharama. Elektreti ya West na Sessler ilikuwa ndogo, rahisi kutengeneza, na ikaingia kwenye simu, redio kaseti na vifaa vya wasiosikia vizuri. Kila anayerekodi chumbani kwa fedha kidogo anakula matunda ya kazi ya wanaume hao wawili. Hata AT2020 ya Audio-Technica ya Japani, kondensa ambayo kwa takriban dola 100 imewafungulia mlango wengi, imejengwa kwa kanuni hiyo. Volti 48 zinazopanda kwenye waya kutoka saundi kadi huendesha saketi yake tu.

Karatasi ya vipimo inayokuja na maiki ina namba nyingi, na moja inastahili kusomwa kwa makini: kelele ya maiki yenyewe, yaani ule mvumo wake wakati hakuna anayezungumza. AT2020 ina desibeli 20. NT1-A ya Røde ya Australia, ambayo bei yake ni kama maradufu, ina desibeli 5 tu, na kwa msomaji wa vitabu anayenong'ona ndani ya chumba kimya tofauti hiyo husikika waziwazi. Lakini chumba cha kawaida cha kulala, usiku, kina kelele ya desibeli 30 hivi kabla feni haijawashwa wala bajaji haijapita. Mwenye chumba cha namna hiyo akilipia ukimya wa desibeli 5 amenunua kitu ambacho barabara itakifunika. Fedha ile ingefaa pazia zito na hedifoni nzuri.

Kondensa za bei ya chini zenye kapsuli kubwa zina tabia nyingine, na chanzo chake kiko Berlin. Kampuni ya Neumann iliunda kapsuli iitwayo K67 kwa ajili ya maiki yake U 67, iliyotoka mwaka 1960. Kapsuli hiyo kwa asili huinua sauti za juu, na saketi ya U 67 ilitengenezwa makusudi izishushe zirudi mahali pake. Viwanda vingi vilivyokuja kuiga viliichukua kapsuli na kuiacha saketi. Matokeo yake ni maiki zenye mng'ao uliopitiliza. Kwa mwanamume mwenye sauti ya kifuani, iliyofunikwa kidogo, mng'ao huo ni neema, maneno yanatoka yakiwa safi. Kwa mwimbaji mwenye sauti kali na meno yenye mwanya, kila s na kila sh hukwaruza sikio, na hakuna kiasi cha kuchezea miksi kitakachomrudishia utamu wake wote. Fundi mzuri hulisikia jambo hili katika mstari wa kwanza, kabla ubeti haujaisha.

Ndipo dainamiki inapoingia. Hii hufanya kazi kama dainamo ya baiskeli: utando umeshikishwa koili ya waya mwembamba, koili hucheza ndani ya sumaku, na umeme unazaliwa bila kuhitaji volti 48 za mtu yeyote. Wengi huichukulia kuwa kifaa cha jukwaani na cha mahubiri, kisichofaa studio. Historia inasema vingine. Ernie Seeler, mhandisi wa kampuni ya Shure, aliunda kapsuli ya Unidyne III mwaka 1959. Kutokana nayo zikazaliwa SM57 mwaka 1965 na SM58 mwaka 1966, na herufi hizo mbili za mwanzo zinamaanisha maiki ya studio. Mwaka 1973 ikafuata SM7, ya ukoo huohuo. Bruce Swedien, aliyerekodi albamu ya Thriller ya Michael Jackson iliyotoka mwaka 1982, alikuwa na uwezo wa kusimamisha mbele ya mwimbaji yule maiki yoyote duniani. Alimpa SM7. Alisikiliza sauti, akaona dainamiki inaifaa, basi.

SM57 na SM58 bado zinauzwa kwa dola 100 hivi, na kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki hizi ndizo chaguo la busara kuliko kondensa ya bei hiyohiyo. Paa ni la bati, dirisha ni la vioo vya kupishana visivyofunga sawasawa, jenereta ya jirani haina ratiba. Dainamiki haina uchawi wa kuchuja kelele hizo, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo. Siri ni umbali: inaruhusu mwimbaji aikaribie kabisa, na kila umbali unapopunguzwa nusu sauti ya mdomo huongezeka kwa desibeli 6 huku kelele ya mtaani ikibaki palepale. Kutoka shubiri moja hadi nusu shubiri, kisha hadi vidole vitatu, mwimbaji amejipatia desibeli 12 bila kuongeza hata shilingi. Ukaribu huo pia huinenepesha besi, kitu ambacho watangazaji wa redio wamekitumia miaka yote kuzipa sauti zao uzito.

Gharama za dainamiki ni mbili. Kwanza, umeme unaotoka kwenye SM58 ni mdogo sana, na msimulizi mwenye sauti ya chini anaweza kuhitaji saundi kadi yenye uwezo wa kuikuza kwa desibeli 60. Saundi kadi dhaifu ikizungushwa hadi mwisho huanza kuvuma. Pili, SM58 za bandia zimejaa sokoni. Ya kweli ina uzito wa gramu 298, na za kughushi mara nyingi huwa nyepesi, kwa hiyo mnunuzi makini huiweka kwenye mzani, hata ule wa duka la vyakula la jirani, kabla ya kutoa fedha. Maiki ya USB huondoa suala zima la saundi kadi na humfaa anayeanza podikasti peke yake. Siku akialika mgeni wa pili, anaanza upya.

Maiki nyingi za nyumbani husikia mbele na kuwa karibu kiziwi nyuma. Hapo ndipo wengi hukosea: hulitundika blanketi nyuma ya maiki, upande usiosikia kitu, na kuuacha wazi ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, ambao maiki inautazama moja kwa moja. Godoro hukaa mgongoni kwa mwimbaji. Kabati la nguo likifunguliwa mlango, kanzu na magauni yakaachwa yaning'inie, nalo linafanya kazi ya paneli za studio. Kabla ya yote fundi hupiga kofi moja katikati ya chumba na kusikiliza jinsi linavyokufa. Likilia kama linakimbia kati ya kuta mbili, anajua pa kuweka nguo. Kondensa nene nayo huimbiwa ubavuni, upande wenye nembo, na anayeiimbia kichwani atashangaa kwa nini amesikika kama yuko chumba cha pili.

Kisha kuna pumzi. Waimbaji wa Mombasa na Lamu wana p na t zinazotoka na mkupuo wa hewa, na hewa hiyo hugonga utando kabla neno halijafika. Soksi ndefu ya nailoni ikivutwa juu ya waya wa hanga huivunja vizuri. Kuigeuza maiki kidogo pembeni, ili hewa ipite kando ya wavu, husaidia zaidi na hakugharimu chochote.

Muziki mkubwa umetoka kwenye vyumba vya namna hii. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa muziki wa singeli kutoka studio ndogo ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuitafuta mitaa ambayo hawakuwahi kuisikia.

Anayesita kati ya maiki mbili au tatu ana njia iliyo bora kuliko ushauri wa muuzaji. Huziazima, maana mafundi wa mtaa mmoja huazimana, kisha anarekodi ubeti uleule kwa kila moja, kwa umbali uleule, na kuzisawazisha ziwe na ukubwa mmoja wa sauti. Bila hilo, sikio litaichagua ile inayopiga kelele zaidi na kuiita bora. Mwenzake huyapa mafaili herufi badala ya majina. Kesho yake, sikio likiwa limepumzika, anasikiliza kwa hedifoni, halafu kwa spika ndogo ya simu ambayo wasikilizaji wake wengi wanaitumia. Mara nyingi ile ya bei kubwa haishindi. Inashinda ile inayoifaa sauti.

Maiki ikishanunuliwa inataka kutunzwa, hasa pwani. Unyevu wa Tanga na Zanzibar huingia kwenye kapsuli ya kondensa na kuifanya itatarike, kwa hiyo hulala ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Dainamiki haina deko hilo. Wavu wake tu ndio hukusanya mate na vumbi; ule wa SM58 hufunguliwa kwa mkono, ukaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, na kuachwa ukauke kabisa kabla ya kurudishwa.