Imeungua au Imechomwa? Istilahi za Moto katika Hadithi ya Upelelezi

Hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ilipata makao visiwani mapema. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha "Mzimu wa Watu wa Kale", akatuletea Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra, ambaye si askari wala hakimu. Katika aina hii ya hadithi watu wanajuana, na fumbo hufumbuliwa kwa mazungumzo zaidi kuliko kwa bastola. Twapendekeza iitwe "upelelezi wa barazani".

Moto waifaa sana. Kisiwani nyumba za makuti husogeleana, kaskazi hukausha kila kitu, na cheche ya jikoni yaweza kuteketeza mtaa mzima. Moto wa kwanza utaitwa ajali. Ukitokea wa pili na wa tatu, majirani huanza kutazamana. Hapo ndipo mwandishi asiyechunga msamiati hujikwaa.

"Nyumba imeungua" haimtaji mtenda wala haidai kwamba yuko. "Imeunguzwa" inamleta mtenda bila ya kusema nia yake, kwani mpishi aliyeunguza wali hakukusudia. "Imechomwa moto" inamleta mtenda pamoja na nia yake. Fumbo lote limo kati ya tamko la kwanza na la tatu. Mwandishi anayetuambia katika ukurasa wa kwanza kwamba duka "lilichomwa" amekwisha kuhukumu, na mpelelezi wake amebakiwa na kazi ya karani, yaani kujaza jina.

Wala jambo hili haliishii vitabuni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 319, yataka makusudi yathibitishwe, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Katika kijiji ambacho kila mtu ni jamaa ya mwenziwe, aliyekwisha kuitwa mchomaji hasafishwi kwa urahisi na hukumu ya mahakama.

Kwa hiyo moto ambao chanzo chake hakijulikani na unatiliwa mashaka uitwe "moto wa shaka". "Uchomaji" usubiri ushahidi. "Hujuma ya moto", ijapokuwa yapendeza masikioni, haifai: tangu kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, neno hilo limebeba mzigo wa siasa ambao kibanda cha mvuvi hakiustahili.

Sharti hili ni la msimulizi. Wahusika na waachiwe ndimi zao. Mzee anayesema "limechomwa" kabla mpelelezi hajashuka mashuani ametoa ushahidi, ama wa chuki yake ama wa jambo alijualo. Na msomaji ataunasa iwapo tu msimulizi, hadi hapo, alikuwa akisema "limeungua".