Kamau Alienda Wapi?

Njoroge tunamjua wote. Ni yule kijana wa Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964, anayepelekwa shule na mamake akiwa amebebeshwa matumaini ya boma nzima. Tumemwandikia insha, tumemhurumia, tumeulizwa maswali kumhusu. Lakini mimi kila nikikirudia kile kitabu, jicho langu linamfuata mtu mwingine kabisa. Linamfuata Kamau.

Kamau ni nduguye Njoroge, wa mama mwingine. Yeye haendi shule. Anapelekwa kwa Nganga, seremala wa hapo kijijini, ajifunze kazi. Na kazi yenyewe haijui upesi, kwa sababu Nganga ni mzito wa kupeana ujuzi. Kamau analalamika kwamba anatumwa kazi za nyumba, mara abebe mtoto wa wenyewe, badala ya kufundishwa useremala aliopelekewa. Baadaye mambo yanapokuwa magumu kwao, jasho lake ndilo linalosaidia familia isimame na Njoroge aendelee na masomo. Ukiniuliza mimi, Kamau ndiye mwanafunzi wa kwanza wa atachi katika fasihi yetu. Yeyote aliyewahi kupelekwa karakana kujifunza, akaishia kununulia wakubwa chai na kufagia vumbi la mbao, atamtambua hapo hapo.

Shida ni kwamba riwaya haikai naye. Inampitia. Tunaamka na Njoroge, tunafanya mtihani na Njoroge, tunaota na Njoroge. Kamau tunakutana naye jioni akirudi, mikono imechoka, anasema sentensi tatu nne za maana, halafu tunarudi kwa ndugu yake. Ngũgĩ simlaumu. Alikuwa anaandika kuhusu ahadi ya elimu na jinsi Hali ya Hatari ilivyoivunja, na ahadi hiyo ilikuwa mikononi mwa mvulana wa darasani. Ninaouliza ni sisi tuliokuja nyuma. Miaka sitini imepita. Nani alimchukua Kamau pale alipoachwa?

Meja Mwangi alikaribia. Katika Kill Me Quick ya 1973, vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza sekondari, wana vyeti, na jiji halina habari nao. Wanalala vichochoroni, wanakula vya mapipani, wanajaribu kazi ya shambani kwa malipo ya aibu. Hapo kuna karatasi bila kazi. Miaka mitatu baadaye, katika Going Down River Road, akageuza upande wa pili. Sasa tuko na Ben na Ocholla, watu wa mjengo, wanaoinua jengo linaloitwa Development House huku wakijua kwamba siku litakapokamilika watakuwa wamejijenga nje ya kazi yao wenyewe. Hapo kuna kazi bila karatasi. Sijasoma mwandishi mwingine wa Kenya aliyeandika uchovu wa kibarua vizuri hivyo, ule wa mtu aliyelipwa Ijumaa na Jumatatu hana kitu.

Ila mtu ninayemtafuta yuko katikati ya hivyo vitabu viwili. Ana kibarua na ana daftari. Anaenda mjengo au getini au jikoni kwa hoteli ili apate karo, na anaenda poly ili atoke mjengo au getini au jikoni. Huyu si mhusika wa nadra. Kama unaishi Githurai, Kayole ama Kangemi, huyo ni jirani yako, ama ni wewe.

Nimekuwa huyo mtu, kwa hivyo nitasema kidogo halafu nirudi vitabuni. Nilisomea stima mchana na kulinda geti la nyumba za kupangisha usiku, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Darasa nililimudu, maana unaweza kusinzia ukiwa umefungua macho. Kilichonishinda kwa muda ni atachi. Miezi mitatu, kila siku ya kazi, asubuhi hadi jioni, bila malipo, na bila atachi hakuna kumaliza kozi. Huko kazini, meneja hakutaka kusikia neno ruhusa. Kwa hivyo swali halikuwa kama nina bidii. Lilikuwa swali la hesabu: saa ishirini na nne, ondoa kumi na mbili za geti, ondoa tisa za atachi, ondoa mbili za barabara. Imebaki moja. Lala.

Sasa nionyeshe riwaya iliyoandika hiyo saa moja.

Kuna sehemu moja ambapo hadithi hii inasimuliwa kila siku, nayo ni kwenye stori za mafanikio. Unazijua. Magazeti yanazo, YouTube inazo: fundi aliyeanza na bisibisi moja, leo ameajiri watu ishirini. Nimezisoma nyingi kama mhakiki, si kwa kejeli, na nimeona zote zina sentensi moja iliyokaa mahali pamoja. Sentensi hiyo ni "mambo hayakuwa rahisi." Kabla yake, mtu amefeli KCSE au amekosa karo. Baada yake, mtu amesimama kando ya gari lake. Miaka minne, mitano, sita imemezwa na hayo maneno matatu. Mabango ya kuwahimiza vijana wajiunge na vyuo vya ufundi yanafanya vivyo hivyo kwa picha. Kijana amevaa ovaroli safi, ananing'iniza tabasamu, hana hata tone la grisi. Hakuna anayeonekana kama ametoka zamu ya usiku.

Na pesa zenyewe ni hadithi tosha. Mwaka 2018 karo ya vyuo vya umma vya ufundi ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikichangia 30,000 na mwanafunzi akiweza kuomba mkopo wa HELB kwa zilizobaki, 26,420. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa iweke kando ya kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi, ambacho tangu Mei 2022 kilikuwa shilingi 15,201 kwa mwezi, na wengi tunajua waajiri wasiofika hapo. Toa nyumba, toa chakula, toa mat. Mwandishi wa riwaya akipewa hizo tarakimu nne tu na mhusika mmoja, ana sura nzima. Charles Dickens aliandika hadi uzeeni kwa sababu babake alifungwa kwa deni, naye mwenyewe akatupwa kiwandani kubandika lebo akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa anaona haya kuhesabu senti kwenye ukurasa.

Kazi ya sanaa iliyonikaribia zaidi kwa umbo si kitabu, ni filamu: Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012. Mwas anatoka kijijini anakouza sidii za filamu, anakuja Nairobi kuwa mwigizaji, na siku ya kwanza tu anaibiwa kila kitu. Anaishia na genge la kuiba vipuri vya magari, huku akifanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Sehemu mbili, nyuso mbili, na mwili mmoja unaokimbia kati yake. Ile hali ya kufika mahali ukiwa bado na harufu ya ulikotoka, filamu inaijua vizuri sana.

Lakini naona pia inapokwepa. Ili maisha mawili ya Mwas yawe na mvutano, moja lazima liwe na bunduki. Na ndoto yenyewe lazima iwe ya usanii. Jaribu kumbadilisha: Mwas anaosha magari, na ndoto yake ni kupita mtihani wa NITA wa daraja la tatu awe fundi wa kuchomelea anayetambulika. Filamu inaporomoka? Wengi watasema ndiyo, haina msisimko. Mimi nasema inakuwa ngumu zaidi kuandika, basi. Genge linakuua kwa kishindo. Ratiba ya chuo inakumaliza polepole. Umekosa kipindi kimoja cha vitendo, ukakosa cha pili, jina likatoka kwa orodha, na hakuna adui wa kumpiga. Mwalimu ni mzuri. Bosi naye si shetani, ana biashara tu. Msanii wetu hajazoea msiba usio na mwovu.

Kwenye Kiswahili nilidhani nitapata zaidi, na nilipata kitu kimoja cha kuvutia. Katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni, kuna Sudi, mchongaji wa vinyago. Hatimaye, karakana jukwaani! Watu wanashika vifaa, wanaongea wakifanya kazi. Ila angalia vizuri patasi ya Sudi inafanya nini. Inakataa kumchonga shujaa anayetakiwa na mtawala. Ni ishara ya msimamo. Ni ishara nzuri, imejengwa vizuri, lakini patasi halisi huwa butu pia, huazimwa, huibwa, hukatwa kwenye mshahara. Fasihi yetu ya shule inakipenda kifaa pale tu kinapomaanisha kitu kingine.

Pengine ni kwa sababu ya lugha. Mwanafunzi wa ufundi anasoma nadharia kwa Kiingereza, anafanya mtihani kwa Kiingereza, halafu anafanya kazi kwa Kiswahili na Sheng. Kitabu kinasema jambo kwa sentensi tatu, fundi anasema "imepiga shoti" na kila mtu anaondoa mkono. Wanaokijua Kiswahili hiki cha karakana hawaandiki riwaya, hawana hiyo saa. Na wanaoandika riwaya za Kiswahili wengi ni walimu na wasomi, watu wa upande wa Njoroge. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba nimemsikia mzee mmoja mjengoni Ruai akimfafanulia kijana kwa nini waya wa moto haupaswi kupita pale, akiuongelea kama mtu mwenye hasira na kumbukumbu ndefu, na hiyo dakika mbili ilikuwa na uhai kuliko tashihisi nyingi nilizowahi kupigia mstari nikijiandaa kwa KCSE.

Yule kijana alikuwa anaandika kwa kipande cha karatasi ya simiti. Alisema ana mtihani Alhamisi.