Anayechambua Naye Atunge

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne inkisari ni nini, atakujibu bila kusita: kufupisha neno ili kutosheleza mizani. Alama anapata. Ila jibu hilo halimwonyeshi kwa nini mshairi alifupisha neno lile akaacha jingine, na hapo ndipo penye ushairi wenyewe.

Tuchukue kipande kimoja cha ukwapi, mizani nane. Nataka kusema mto umefurika. "Mto umefurika": m-to-u-me-fu-ri-ka, saba. Imepungua moja. Nikiongeza "leo", zinakuwa tisa. Naweza kukata kiambishi: "Leo mto mefurika". Nane kamili, kina cha kati ni "ka", na habari imebaki na siku yake. Naweza pia kuyaacha maneno yote mazima nikabadili kitenzi: "Mto umekasirika". Nane vilevile, kina kilekile. Lakini "leo" imetoweka, na mto sasa una hasira kama binadamu. Tashihisi imeingia kwa sababu ya silabi moja, na mishororo inayofuata haiwezi tena kujifanya haijui: mto umekasirishwa na nani?

Mchambuzi akikuta kipande cha kwanza ataandika "inkisari", yaani uhuru wa mshairi. Cha pili ataandika "tashihisi", yaani tamathali ya usemi. Vinakaa kwenye vichwa viwili tofauti vya jibu lake. Aliyewahi kutunga anajua kuwa vyote vimezaliwa na upungufu mmoja, na kwamba kuchagua kati yake ni kuchagua shairi liende wapi.

Waliotutangulia hawakuzitenga kazi hizi. Kitabu cha Amri Abedi cha 1954 kina sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Mulokozi na Kahigi, waliokataa kuvifanya vina na mizani kuwa roho ya ushairi, nao waliweka nadharia na tungo zao pamoja katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Walihitilafiana na Amri juu ya arudhi, lakini kila upande ulitoa hoja na mashairi yake.

Uchambuzi si kazi duni. Bila istilahi, mwalimu hawezi kumwonyesha mtunzi mchanga alichokifanya. Kosa ni kuanza na istilahi kabla mwanafunzi hajaihitaji.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, kabla ya kuandika "inkisari" ubaoni, wape wanafunzi kipande cha mizani saba, uwaache wahangaike nacho. Usisahihishe kwa kuhesabu silabi tu. Mwulize kila mmoja ameacha neno gani ili kina kikae, na limeondoka na nini. Nanyi wakufunzi wa vyuo vya ualimu, mtakeni kila mwanachuo atunge walau ubeti mmoja wa tarbia na kuutetea mshororo kwa mshororo, kabla hamjampeleka kwenye mazoezi ya kufundisha.