Wapimaji Wanaojipima Kwanza

Tangu Göran Selvik wa Lund, Uswidi, aeleze mbinu yake mwaka 1974, wapimaji wa msogeo wa viungo bandia kwa eksirei wanastahili pongezi kwa jambo moja: hujikagua wenyewe kwanza. Vishanga vya tantalamu, kipenyo kisichozidi milimita 1, hupachikwa mfupani, kisha mashine mbili hupiga picha kwa pamoja. Mgonjwa hushuka kitandani, hulazwa upya, hupigwa tena. Kwa kuwa kiungo hakijasogea, tofauti yoyote inayosomeka ni kosa la kipimo. Wapo watakaosema huko ni kumwongezea mgonjwa mionzi bure. La hasha: dozi ni ndogo, na bila kulijua kosa hilo, msogeo wa sehemu chache za kumi za milimita hauwezi kujulikana kama ni nyonga bandia inayolegea au ni hitilafu ya kipimo. Mizani isiyokaguliwa humpunja mnunuzi. Hapa ingempunja mgonjwa.