Msumeno Kiunoni

Huku Mbozi Mission mti mkubwa hauangushwi hivi hivi. Mara nyingi umesimama katikati ya mibuni, au matawi yake yamelalia bati la nyumba ya mtu, au waya wa umeme umepita chini yake. Mgrivea wa kivuli ukiangushwa mzima hulaza mibuni ambayo mwenye shamba ameilea miaka mitatu minne ndipo ikazaa. Ndiyo maana hutafutwa mtu wa kupanda, apunguze tawi moja baada ya jingine, na kila tawi lishushwe kwa kamba mpaka kwenye nafasi kati ya mistari ya kahawa. Watazamaji humshangilia kwa ujasiri. Mimi macho yangu huwa kiunoni kwake, kwenye mkanda, kwa sababu kazi yote imeanzia pale, tena siku nyingi kabla mti wenyewe haujaguswa.

Mgema wa pwani analijua jambo hili tangu zamani: hupanda mnazi kibuyu na kotama vikiwa kiunoni, mikono akaiachia mti. Mpogoaji naye hufuata mwendo huo huo, ila mzigo wake ni mzito zaidi na una meno.

Mkanda wa dukani ni mshipi mpana wa nailoni au poliesta, vitanzi viwili vya mapaja, pete za chuma mbele na ubavuni, na vitanzi vidogo vya kutundikia vifaa. Umeshonwa umfae yeyote. Kuufanya umfae mtu mmoja, huyu mwenye nyonga hizi na mkono huu, ndio ufundi ninaousifu. Chukua msumeno wa mkono. Ukining'inia wazi utachana suruali na, kwa bahati mbaya, kamba. Unahitaji ala. Nimeona ala iliyotokana na kipande cha bomba la maji la plastiki: kimepashwa moto hadi kikalainika, kikabanwa kati ya mbao mbili kikawa bapa, mdomo ukapanuliwa kidogo, na chini pakaachwa tundu ili unga wa mbao na maji ya mvua vitoke. Imefungwa pajani kwa vipande vya tyubu ya baiskeli isije ikayumba. Ule mdomo uliopanuliwa ndio akili yenyewe. Mtu aliye juu, uso umeelekea tawi, hurudisha msumeno bila kutazama, na msumeno unaingia.

Msumeno wa mnyororo una shughuli zaidi. Hata ule mdogo wa kupandia una kilo 3 au 4 kabla ya kutiwa mafuta, na uzito huo ukikaa upande mmoja huvuta mkanda hadi nyonga ziwake moto. Kwa hiyo kamba na vyuma vya kushushia matawi huhamishiwa upande wa pili, na fundi viatu hushona mto wa sponji wa kuwekwa ndani ya mkanda. Kati ya msumeno na mkanda hutiwa kitanzi dhaifu kwa makusudi: kivumilie uzito wa msumeno, lakini kikatike msumeno ukibanwa na tawi linaloanguka. Msumeno uende na tawi, mtu abaki. Sijui kifaa kingine ambacho udhaifu wake umepimwa kwa upendo namna hii.

Sindano ya fundi viatu ina mpaka, hata hivyo. Mto na mfuko ashone atakavyo, ila mshipi unaobeba uhai wa mtu usitobolewe, usichomwe moto, usiongezwe mshono. Na vile vitanzi vidogo ni vya vifaa tu. Kamba ya kumshikilia mtu haifungwi hapo hata kwa dakika moja. Anapokata, awe ameshikwa mara mbili: kamba kuu juu, na kamba fupi ya kuzungushia shina, ambayo iliyo bora ina waya wa chuma ndani ili meno ya msumeno yasiimalize kwa mguso mmoja.

Wanyiha wa huku waliyeyusha chuma na kufuma nguo za pamba tangu kabla wamisionari wa Moravian hawajafungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Chuma na uzi ni kazi za nyumbani, na mkanda huu umeundwa kwa hivyo viwili vinavyolana taratibu. Kwa hiyo ukaguzi huanzia kwenye pete, mahali chuma kinaposugua mshono. Kunja mshipi, pitisha ukucha, tafuta uzi uliotoka. Utomvu na vumbi vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha uanikwe kivulini, kwani jua huila nailoni. Usiuweke karibu na maji ya betri. Hata mvuke wake huozesha nyuzi bila kuacha alama ya kutisha. Ukiguswa na mnyororo, hata kidogo, basi. Na hata usipoguswa, watengenezaji wengi huupa miaka 10 tu. Mkanda uliostaafu ukatwe vipande, asije kijana akaununua mnadani akidhani ni mzima.

Mwenye shamba, kabla ya kupatana bei na kijana wa kupogoa migrivea yako, mwombe akuonyeshe mkanda wake. Tazama nyuzi kwenye pete, uliza ni wa mwaka gani, uliza kama umewahi kumdaka mtu aliyeanguka. Ukiona amejifunga kamba ya katani kiunoni na msumeno ameushika mkononi, usimpandishe. Na yule mwenye mkanda uliotunzwa akikutajia bei ya juu kidogo, mlipe. Gharama ya mkanda ule imo ndani yake.